Shamba Lisiuzwe Kabla Majibu ya Kinyama Hayajatoka

Familia nyingi zikiambiwa mzazi ana saratani, au hata "inasemekana ni saratani", hufanya mambo mawili ndani ya wiki moja: huita kikao cha ukoo na huuza kitu. Ng'ombe wawili, kiwanja cha Kibaha, mashine ya kusaga, ekari za mahindi zilizo karibu na barabara. Fedha inapatikana, inafungwa kwenye pindo la khanga, safari inaanza. Sisi tunaokaa kwenye meza ya ustawi wa jamii hospitalini hukutana na familia hizo miezi kadhaa baadaye, fedha imekwisha na tiba haijaanza.

Imekwenda wapi? Fungua bahasha ya kaki waliyokuja nayo, utaiona njia yake yote. Ultrasaundi tatu za sehemu ileile ya mwili kutoka vituo vitatu, zikisema jambo lilelile kwa maneno tofauti. Risiti za antibiotiki za kutibu "uchafu" ambao haukuwa uchafu. Picha ya eksirei iliyokunjwa mpaka imeanza kupasuka kwenye mkunjo. Kijikaratasi cha muuza dawa za asili chenye namba ya simu na ahadi ya siku 21. Kitu kimoja hakimo: majibu ya kinyama.

Kinyama ni kile kipande kidogo cha uvimbe au kidonda kinachokatwa na kupelekwa maabara ya patholojia ili kiangaliwe kwa hadubini. Ukiacha saratani chache, kama baadhi ya zile za ini ambazo picha na vipimo vya damu hutosha, hakuna daktari wa saratani atakayeandika kemotherapi au mionzi bila karatasi hiyo. Ultrasaundi inaonesha kwamba kuna kitu. Haisemi kitu hicho ni nini. Kwa hiyo kama familia ina fedha ya jambo moja tu, iende huko kwanza. Na ikishakwenda, kuna maswali ya kuuliza palepale: kipande kimepelekwa maabara ipi, kimepewa namba gani, na nani anafuatilia majibu? Katika hospitali nyingi ndugu ndiye hukabidhiwa kichupa akipeleke mwenyewe. Hakikisha kina jina na tarehe, na kwamba kimewekwa ndani ya formalini. Kipande kilichooza njiani hakina majibu, na mama atalazimika kukatwa tena.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: maabara hukihifadhi kipande hicho ndani ya nta kwa muda mrefu. Kwa saratani ya matiti, kipande hicho kinaweza kukatwa tena na kupimwa vipokezi vya homoni na protini ya HER2 bila kumgusa mgonjwa. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua kama mama atatumia vidonge vya tamoksifeni, ambavyo bei yake mfanyakazi wa kawaida anaiweza, au atahitaji dawa ambayo bei yake inaweza kumaliza nyumba nzima.

Sasa tuje kwenye sera, maana hapa watu wengi hukata tamaa kabla ya wakati. Tanzania ilipoanza uchangiaji wa huduma za afya mwaka 1993, iliweka na utaratibu wa misamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliutaja tena: saratani imo miongoni mwa magonjwa sugu yanayostahili msamaha, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo pia. Mzazi wako ana uwezekano mkubwa wa kuingia kwa milango yote miwili.

Lakini sera ni jambo moja na dirisha la malipo ni jambo jingine. Msamaha unahusu kile ambacho hospitali inacho. Dawa ikiwa haipo stoo, utaandikiwa karatasi ukanunue nje, na msamaha hauvuki barabara kwenda nawe kwenye duka la dawa la mtu binafsi. Hapo ndipo neno "bure" linapowaudhi watu, na sioni sababu ya kuwalaumu. Bajeti ya familia yenye msamaha isiwe sifuri. Iwe na fungu la dawa na vipimo vitakavyokosekana.

Msamaha wenyewe hauji kwa kulia mlangoni. Njoo ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa wakati bili imeshafika kimo cha mtu. Njoo na barua ya rufaa, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya, kitambulisho cha NIDA, kitambulisho cha mzee kama halmashauri yenu ilivitoa, na kama kaya imo kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF, lete uthibitisho wake. Tutauliza watoto ni wangapi na wanafanya nini. Msimfiche yule aliye Muscat. Hatumtafuti ili tumbebeshe bili yote; tunataka kujua kama jibu ni msamaha kamili, nusu, au kulipa kwa awamu. Familia inayosema ukweli na kuomba kulipa kidogo kidogo husikilizwa upesi kuliko ile inayodai mama hana mtoto hata mmoja huku simu inaita: "Mwanangu Juma Oman."

Halafu kuna mlango ambao kikao cha ukoo huusahau kabisa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, huchukua asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu kwake na nusu kwa mwajiri. Kwa mchango huo mwanachama anaingiza mwenza wake na wategemezi hadi wanne, na wazazi wake au wakwe zake wanaweza kuwa miongoni mwa hao wanne. Kwa hiyo swali la kwanza kikaoni lisiwe "nani ana nini cha kuuza". Liwe "nani kati yetu ameajiriwa, na nafasi zake za wategemezi amezijaza na nani?" Nimeona mara nyingi mwalimu wa sekondari mwenye mtoto mmoja, nafasi tatu ziko wazi, wakati kaka zake wanapigana kuuza shamba la baba. Anahitaji cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi, picha, na kwenda ofisi ya Mfuko ya mkoa wake aulize utaratibu wa kuongeza mtegemezi. Asiulize kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako kila mtu ni ofisa wa bima.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, nayo ina kazi yake, ila ijulikane mipaka yake. Mchango wake ulianza na Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na inakuhudumia kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, basi. Haikulipii mionzi. Inachoweza ni kupunguza makali ya miezi ya mwanzo: kumwona daktari, vipimo vya kawaida, na barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni mwaka 2023 na imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Familia yenye mgonjwa leo ifuatilie hatua za utekelezaji wake kwa mtendaji wao, lakini isisimamishe tiba kuisubiri.

Kwa ndugu wa Kenya mambo yamekaa vingine. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya afya ya jamii, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima ya afya wa huko. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na ajira rasmi hupimwa kipato chake, kiwango cha chini kikiwa Ksh300 kwa mwezi. Kifurushi cha saratani kilianza na ukomo wa Ksh400,000 kwa kaya kwa mwaka, kisha Ksh150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu zile za kwanza zikiisha. Mzazi anajisajili mwenyewe kama kaya, na mtoto aliye Nairobi au Mombasa anaweza kumlipia. Ukomo huo ni wa mwaka, kwa hiyo muulize daktari mpangilio wa tiba utakavyoangukia ndani ya mwaka wa malipo.

Turudi Tanzania, tuangalie tiba yenyewe, maana fedha nyingi haziliwi na dawa. Chukua mama anayetoka Sumbawanga, ana saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Ugonjwa umetoka nje ya mlango wa kizazi lakini haujasambaa mbali. Tiba yake ya kawaida ni mionzi ya nje mara 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Kila wiki dripu moja ya sisplatini. Kisha mionzi ya ndani mara chache. Kila kipindi cha mionzi ni dakika tu, na halazwi. Anaingia, anatoka, anarudi... wapi? Hilo ndilo swali la fedha. Ukijumlisha siku za kupangiwa, za kuchorwa alama za mionzi, na za kusubiri zamu, andaa miezi miwili ya chumba, chakula cha watu wawili, na daladala ya asubuhi na jioni.

Na humo humo kuna gharama ndogondogo zinazokatisha tiba. Kabla ya kila dripu ya sisplatini hupimwa figo. Damu ikishuka, huongezewa, na ndugu wataombwa wachangie damu, watafutwe mapema. Familia ikiishiwa wiki ya tatu na kusema "turudi nyumbani tukatafute, tutarudi baada ya mavuno", imepoteza karibu kila kitu ilicholipa, kwa sababu tiba hiyo ikizidi wiki nane kwa jumla, uwezekano wa kupona hushuka. Ni afadhali kuanza wiki tatu baadaye mkiwa na fedha ya kumaliza kuliko kuanza kesho mkakatisha katikati. Madaktari wengine hawapendi nikisema hivi, lakini wao hawaoni hesabu za malazi.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa hospitali ni uchaguzi wa mahali pa kulala. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani, ndiyo kongwe, na watu huona kuwa tiba ni huko tu. Lakini Bugando, Mwanza, nao wanatoa mionzi, na KCMC, Moshi, wana kitengo cha saratani kinachotoa kemotherapi. Mtu wa Geita mwenye shangazi Igoma hana sababu ya kukimbilia Dar es Salaam ambako hamjui mtu. Chumba kwa ndugu kwa miezi miwili kina thamani kuliko ng'ombe, na wifi atakayempikia uji mgonjwa hakuna gesti itakayempata.

Swali la pili kwa ukubwa, baada ya majibu ya kinyama, linamtisha kila mtu na kwa hiyo haliulizwi: "Samahani daktari, lengo la tiba hii ni kumponya mama, au kumpunguzia mateso?" Wagonjwa wengi nchini hufika hatua ya tatu na ya nne, na jibu linabadilisha mfuko mzima. Kama lengo ni kuponya, kopeni kwa busara, changisheni, simamieni ratiba kama jeshi. Kama lengo ni kupunguza mateso, kuna tiba nzuri za bei ndogo ambazo familia huzikosa kwa sababu imekwenda kutafuta muujiza wa bei kubwa.

Maumivu ya mifupa yaliyosababishwa na saratani iliyosambaa ni mfano mzuri. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba dozi moja ya mionzi, ya siku moja, hupunguza maumivu sawa na ile ya siku kumi, ingawa wanaopewa dozi moja huhitaji kurudia mara nyingi zaidi. Kwa mzee kutoka Songea, siku moja na wiki mbili ni tofauti ya milioni. Muulize daktari waziwazi kama siku moja inamfaa. Mofini ya maji, ile ya kunywa, Ocean Road wanaitengeneza, na ni miongoni mwa dawa nafuu kabisa katika safari yote hii. Jirani zetu Uganda, kupitia Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, wamekuwa wakiitumia kwa wagonjwa walio nyumbani vijijini kwa miongo mitatu. Mofini haimuui mgonjwa na haimgeuzi teja. Inamwezesha kulala na kuongea na wajukuu. Ikikosekana hospitali ya wilaya yenu, ulizeni hospitali ya rufaa.

Kwa akina baba kuna jambo zito zaidi kulisema. Saratani ya tezi dume iliyosambaa hulishwa na homoni ya kiume, na tiba ni kuikata homoni hiyo. Njia ya kwanza ni sindano kama goserelini, kila mwezi au kila miezi mitatu, maisha yote yaliyobaki. Ya pili ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, mara moja tu. Kwa kuidhibiti homoni, matokeo ni sawa. Kwa mfuko, moja ni kodi isiyokwisha na nyingine ni bili moja. Nimewaona wana wakiamua sindano kwa sababu "Mzee hatakubali", na Mzee mwenyewe hakuulizwa. Baba wa miaka 74 akielezwa faragha, na daktari wa kiume wa makamo anayemwamkia shikamoo na kukaa chini, mara nyingi hujibu: "Mwanangu, nina watoto tisa. Nikate nipone maumivu." Mwingine atakataa, na ana haki. Ila aulizwe yeye.

Kwa mama mwenye saratani ya matiti yenye HER2, trastuzumabu hutolewa kila wiki tatu kwa mwaka mzima, dozi 17 au 18. Ni dawa ghali, na huharibika isipotunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo usinunue ya mtu aliyeitoa kwenye begi. Zipo sasa za kampuni nyingine zenye kazi ileile kwa bei ya chini. Ulizeni iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa. Na kama fedha haitoshi mwaka mzima, kuna mazungumzo ya haki ya kufanya na daktari: utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao PERSEPHONE, uliochapishwa 2019, ulionesha kwamba kwa saratani ya hatua za mwanzo miezi sita haikuwa duni kwa miezi kumi na miwili. Uamuzi ni wa daktari kwa mgonjwa aliye mbele yake, lakini miezi sita iliyopangwa ni bora kuliko mitatu iliyokatika. Na kwa wenye saratani ya damu aina ya CML, dawa ya imatinibu imekuwa ikitolewa bila malipo Tanzania na Kenya kupitia mpango wa Max Foundation. Msinunue kabla hamjauliza.

Watu huniambia dawa za asili ni nafuu. Mwaka 2011 kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kule Samunge, Loliondo, kilikuwa Sh500 tu. Nauli ya kufika ndiyo ilikuwa mtaji, foleni ilikuwa ya siku kadhaa, na wapo walioacha dawa zao kwenda huko. Bei ya kikombe haikuwa tatizo. Tatizo ni miezi, kwa sababu uvimbe wa hatua ya pili hausubiri. Anayetaka kunywa mitishamba pamoja na kemotherapi amwambie daktari, maana mingine hugusa figo na ini, ambavyo tayari vina kazi nzito.

Michango sasa. Ifanyike baada ya mpango wa tiba kuandikwa, si kabla, na mchanganuo uwe wa maandishi: vipimo, dawa, malazi, nauli, chakula cha mgonjwa na msindikizaji. Ndugu huchanga vizuri wakiona "bado Sh180,000 za chumba cha mwezi wa pili" kuliko wakisikia "mama anaumwa, tusaidiane". Mweka hazina awe mmoja, na asiwe yule anayemuuguza. Huyo ana kazi ya kutosha. Malipo ya hospitali za umma hupitia namba ya malipo ya serikali, ile wanayoiita kontroo namba, kwa hiyo aliye Mwanza au Marekani anaweza kulipa bili moja kwa moja bila fedha kupita mikononi mwa mtu. Jambo hili limeokoa undugu wa watu wengi.

Kikundi cha VICOBA na SACCOS ya kazini vina mikopo ya dharura yenye riba ya kibinadamu, anzieni huko. Kausha damu, wale wa kukopesha asubuhi na kudai kila siku, msiwakaribie hata kama mgonjwa analia. Marejesho yao ya kila siku hugongana na wiki zilezile tano za mionzi, na mtu anayemuuguza mama mjini hana biashara ya kumwezesha kurejesha. Wanakuja kuchukua kitanda, kisha jokofu, kisha mnaikatisha tiba.

Na ikiwa ni lazima kuuza, uzeni kitu kisichozalisha. Kiwanja kilicholala kwanza, shamba linalolisha kaya mwisho kabisa, kwa sababu baada ya tiba mgonjwa hurudi nyumbani na atahitaji kula vizuri kuliko alivyowahi kula. Atahitaji pia marejeo: kila miezi mitatu hivi kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi, na kwa aliye kwenye tamoksifeni, kidonge kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Nauli hizo za marejeo na vidonge hivyo viingie kwenye ule mchanganuo tangu siku ya kwanza, vikiwa na jina la mtoto atakayevilipa.